Mfupa wa Jumapili Jioni

Mimi ni mkunga. Nimezalisha katika mji wa Bukavu kwa miaka mingi, nimewapokea watoto wa wakubwa na watoto wa wadogo, wa Nguba na wa Kadutu, na kuna jambo moja ambalo hakuna direkta wa shule atakayenibishia: sijawahi kumsikia mwanamke akizaa kwa Kifaransa. Wapo wanaoingia wodini wakinisalimu bonjour kwa pua. Uchungu ukikaza wanamwita mama yao, na wanamwita kwa Mashi, lugha yetu sisi Bashi, au kwa Kirega, au kwa Kihavu. Mtoto anatoka, na neno la kwanza analolisikia hapa duniani ni la bibi zake.

Nalisema hilo mapema ili mjue hasira yangu inatoka wapi. Nyumbani husema mimi, Eulalie, nina moto mdomoni. Wacha waseme. Kuna mambo ambayo mtu akiyaona asikasirike, huyo si mpole, huyo ni mgonjwa.

Mwaka ninaousimulia ni ule uliofuata serikali kukataza majina ya ubatizo. Redio ilituimbia asubuhi mpaka jioni: turudi kwa mababu, tuvae kama mababu, tujiite majina ya mababu. Mimi nikaitwa citoyenne, mwananchi, badala ya madame. Kaka yangu Edouard, karani wa ofisi, akavua tai akavaa abakosti, koti lisilo na tai, akaitwa Cirhuza peke yake. Binti yake Virginie, aliyekuwa na miaka tisa, akaandikwa shuleni M'Cirhuza, yaani binti wa Cirhuza, ndivyo tunavyowaita wanawake kwetu. Sikuwa na ugomvi na hilo. Lakini ndani ya ua wa shule ileile, mtoto mwenye jina hilo la mababu akifungua kinywa kusema neno moja la mababu hao, alivalishwa mfupa.

Ulikuwa mfupa wa bega la mbuzi, umetobolewa na kupitishwa kamba ya katani. Watoto waliuita sinyali. Kila darasa lilikuwa na wake. Aliyesikika wa kwanza asubuhi akisema Kiswahili au Mashi, hata kama amejikwaa tu na kulia, alivikwa shingoni, naye akaanza kuwinda. Anatega sikio nyuma ya vyoo, anajipenyeza katikati ya wanaoruka kamba, mpaka amnase mwenzake na kumvika. Saa ya kufunga shule ikifika, aliyekutwa nao alichapwa fimbo. Fikirieni basi. Watoto wadogo wanafundishwa kupelelezana kabla hawajajua kugawanya. Wazungu waliouleta walikwisha kwenda zao, mfupa wakatuachia, na sisi tukautunza vizuri kuliko barabara.

Mwezi wa kumi direkta aliwaita wazazi. Jina lake Anaclet, mzaliwa wa Luhwindja, Mshi kama sisi, mtu nadhifu, abakosti yake haina kunyanzi hata moja. Domitille, mke wa Edouard, alikuwa na homa, kwa hiyo nikaenda mimi na kaka yangu. Anaclet alisimama mbele ya ubao akasema kwa Kifaransa kirefu kwamba mwalimu peke yake hawezi. Mtoto anajifunza asubuhi, jioni anasahau, kwa sababu nyumbani hakuna anayeiendeleza kazi ya mwalimu. Shule, familia na mtaa, akasema, lazima vishikane mikono. Nilitikisa kichwa kwa kila neno. Wahenga walishasema mkono mmoja haulei mwana, na mimi niliyekata vitovu vya nusu ya watoto wa shule ile nilikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Nilikuwa sijasikia bado mkono wa pili ulitakiwa kufanya nini.

Hakutuomba tuwasikilize watoto wakisoma. Hakutuomba tumpunguzie binti kazi ya kuteka maji ili apate saa ya kufanya masomo yake, wala tuje kumwuliza mwalimu mtoto anakwama wapi. Alituomba tuupeleke mfupa nyumbani. Kila nyumba iwe na sinyali yake, toka Jumamosi saa sita watoto wanaporudi hadi Jumapili usiku. Asemaye lugha nyingine avikwe, awe mtoto, awe mtumishi, awe nani. Jumatatu asubuhi mwalimu atamwuliza kila mwanafunzi: nani kwenu amelala na mfupa? Kama ni mwanafunzi mwenyewe, fimbo. Kama ni mwingine, mwanafunzi asifiwe, maana ameishinda nyumba yake.

Wazazi walipiga makofi. Wasomi wazima, watu wa ofisi, watu wa parokia. Nikasimama, nikauliza kwa Kiswahili, kwa makusudi:

"Na bibi wa batoto, benye hawajue Kifaransa, bataishi namna gani mu ile nyumba?"

Nyuma mtu akacheka, akasema nivikwe mimi wa kwanza. Anaclet aliniuliza kwa Kifaransa, polepole, namna watu wanavyosema na kiziwi, kama nina mtoto katika shule ile. Mimi sikuzaa. Bukavu nzima inajua. Nikamjibu nina mtoto wa kaka yangu. Akasema hewala, lakini neno la wazazi tuwaachie wazazi. Nilimtazama Edouard anitetee. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Wiki ile wauza nyama wa upande wetu walishangaa. Mabega ya mbuzi yaliisha kabla ya mapaja. Edouard alinunua lake, akalichemsha, akalisugua kwa majivu mpaka likawa jeupe, akalitundika jikoni kwenye msumari karibu na mwiko wa bugali. Niliuona mfupa ule siku moja nilipopita baada ya misa, nikamwambia kwamba nyumba yake sasa inafanana na nyumba ya mganga. Alikasirika. Mimi nilikuwa napita mchana, nanywa chai, narudi kazini kwangu, na mchana mfupa ulikuwa msumarini.

Sasa lazima niwaambie Virginie alikuwa mtoto wa namna gani kabla ya hapo. Alikuwa kasuku. Mama yangu, Maman Bibiane, alitoka Mumosho kuja kumlea siku alipozaliwa, na hakurudi tena. Hakujua Kifaransa zaidi ya merci na mon père. Jioni, Domitille akipepea makaa kwenye mbabula, bibi na mjukuu walikaa kwenye mkeka mmoja wanapigiana hadithi. Bibi anaianza, mtoto anaimalizia, na kila siku anaimalizia kwa namna nyingine. Kulikuwa na hadithi ya mwanamke mchoyo aliyeficha pombe ya ndizi chini ya kitanda mfalme asiione. Virginie alimwua mwanamke yule kwa njia zote zinazojulikana: alimlewesha, alimzamisha, alimfanya akae juu ya mtungi mpaka akaota mizizi. Mama yangu alicheka hadi kushika mbavu. Mtoto wa namna hiyo, ukimpa mwalimu mwenye akili, ndani ya miaka miwili anakutungia kwa Kifaransa pia, maana aliyejua kupanga maneno kwa lugha moja hawezi kushindwa kuyapanga kwa nyingine. Lakini hakuna aliyeniuliza.

Mwezi wa pili, mwalimu wa Virginie alikuja kliniki na mtoto wake mchanga. Marcelline, msichana mpole, nilimzalisha mwenyewe. Nilipokuwa nampima mtoto aliinamisha kichwa karibu na sikio langu.

"Maman Eulalie, mutoto ya kaka yako hasemake tena."

"Hasemi namna gani?"

"Mu classe. Nikimuuliza, ananiangalia tu. Tangu Noël. Anaandikaka muzuri, lakini direkta anasema mutoto mwenye hajibu anakamata fasi ya bengine bure. Ku Pasaka atataja majina ya benye batatoka. Virginie iko mu ile majina. Banataka aende ku foyer kujifunza kushona."

Mtoto wa miaka tisa, foyer! Kushona si aibu, mama zetu wameshona na tumekula. Lakini kumtoa mtoto shuleni kwa sababu hajibu, bila mtu kuuliza nani alimziba mdomo, hiyo ilinipanda kichwani hata nikasahau uzito wa mtoto niliyekuwa nampima. Nikampima tena.

Jumapili ya wiki ileile, badala ya kupita mchana, nilikwenda Nguba jioni. Mvua ilikuwa imekatika, ziwa lina rangi ya majivu, na njia ya kuteremkia kwa Edouard ilikuwa matope matupu. Sikupita mlango wa sebuleni kwa ajili ya viatu vyangu, nikazunguka jikoni.

Mama yangu alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachambua sambaza kwa ajili ya kesho. Shingoni alikuwa na rozari yake, na chini ya rozari ulining'inia mfupa wa mbuzi.

Nilisimama mlangoni na matope yangu miguuni. Mama yangu, mwanamke aliyezaa watoto saba akazika watatu, aliyelima mashamba ya Mumosho hadi mgongo ukapinda ili Edouard apate kalamu, amevikwa mfupa ndani ya nyumba ya Edouard kwa kosa la kusema. Virginie alikuwa amekaa kwenye kona na daftari magotini. Alinitazama, akanipa mkono wa salamu, hakutoa sauti.

"Nani amekuvisha hiki?" nikamwuliza mama, kwa Mashi.

"Punguza sauti," akanijibu kwa Mashi vilevile. "Nimejivisha mwenyewe."

Akanieleza bila kuacha kuchambua samaki. Kila Jumapili jioni, baada ya kula, yeye huita kwa sauti, kwa Mashi, Virginie, niletee maji, ili mfupa utoke kwa mtoto uje kwake, ulale naye. Ukilala kwa mtoto, Jumatatu mtoto anachapwa. Mara ya kwanza mtoto alikataa kumvika, akalia sana, ikabidi bibi auvue shingoni mwa mtoto auvae. Mara ya pili vilevile. Kisha mtoto akatafuta njia yake. Akaacha kumsemesha bibi siku zote za wiki. Hadithi zikaisha, hata salamu zikaisha. Bibi hakuacha kuita, maana Jumatatu lazima mtu atajwe.

"Anadhani asiponisemesha, mimi sitajibu," mama akasema. "Na nisipojibu, sitavikwa. Ananihurumia huyu mtoto, Eulalie. Usimgombeze."

Nilimgeukia Virginie. Aliinamia daftari. Aliandika vizuri, herufi zimesimama sawasawa, mstari juu ya mstari.

Nikauvua mfupa shingoni mwa mama yangu nikataka kuutupa ziwani. Aliushika mkono wangu kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. "Ukiutupa, Jumatatu watoto wanaulizwa. Atasema nini? Hatachapwa Eulalie. Atachapwa yeye." Akauchukua, akauvaa tena, akausawazisha chini ya rozari ili usiukwaruze msalaba. Niliona jambo lile kwa macho yangu na mpaka leo linanichoma.

Nikaingia sebuleni. Edouard alikuwa anasikiliza redio, na redio, Mungu anisamehe, ilikuwa inatusimulia juu ya hekima ya mababu. Nikaizima.

"Mama yako iko mu jiko na mufupa mu shingo, sawa imbwa ya mutu," nikamwambia.

"Eulalie, usianze makelele. Njo mama mwenyewe alitaka. Mimi sikumulazimisha."

"Na weye, ulimukataza?"

Akasema, kwa sauti ya chini, "Mutoto akichapwa kila lundi, utafurahi? Mimi nilivaaka ile kitu miaka sita. Nilichapwaka. Na njo nafika fasi niko. Niko mu bureau."

"Uko mu bureau, ndiyo. Na bureau inakufanya nini?"

Hapo ndipo nilipoona uso wake ukibadilika. Akaniambia kitu ambacho hakuwahi kuniambia. Alisema mkuu wake humwigiza anavyosema Kifaransa, mbele ya watu, kila siku, na ofisi nzima hucheka, na yeye hucheka pamoja nao. "Sitaki bamucheke Virginie vile," akasema. "Ni ile tu. Sitaki."

Nilimhurumia, ni ndugu yangu. Lakini huruma yangu haikuzima hasira. Nilimwambia: walikuchapa miaka sita ili usichekwe, na bado unachekwa, na sasa umelipeleka deni lile kwa mama. Nikamwambia pia habari ya Pasaka na foyer. Alikuwa hajui. Baba mwenye mfupa msumarini, mlinzi wa Kifaransa cha nyumba nzima, hakujua kwamba mtoto wake hajajibu swali hata moja tangu Noeli, kwa sababu hakuwahi kwenda kumwuliza mwalimu. Domitille aliyekuwa amesimama mlangoni na sahani akaziweka chini.

"Mimi nilijua," akasema taratibu. "Ananyamaza hata na miye. Nilizani ni kukomaa."

Edouard akasema atakwenda kuongea na direkta. Wiki zikapita, kila nikimwuliza anasema direkta ana wageni, direkta ana semina, direkta yuko kwenye gwaride. Mimi mwenyewe nilikwenda siku moja. Anaclet alinipokea amesimama, akanipa maelezo ya Kifaransa kwamba kuna vichwa vyepesi na vichwa vizito, na kwamba si kosa la mtu.

Pasaka ikakaribia, tukaitwa tena shuleni.

Chumba kilikuwa kimejaa. Watoto walikaa chini mbele, wazazi kwenye madawati yaliyotengenezwa kwa ajili ya mapaja ya watoto. Nilibanwa kando ya Edouard. Domitille hakuwa nasi, alisema anamalizia kazi jikoni, atafuata. Anaclet alifungua mkutano kwa kuisifu kazi yetu. Alisema mpango wa mfupa wa nyumbani umefaulu, familia na shule sasa ni mkono na glovu. Kisha akasema kuna mwanafunzi mmoja ambaye tangu Oktoba hakulala na mfupa hata Jumapili moja, na darasani pia hajanaswa tangu Noeli. Mwanafunzi huyo anastahili zawadi ya mwenendo bora. Akaita: M'Cirhuza.

Virginie akainuka, akaenda mbele. Akapewa sanduku la bati la kalamu, lenye picha ya twiga. Akapiga goti kidogo kushukuru. Direkta akamwambia aseme merci. Midomo ikacheza, sauti haikutoka. Watu walipiga makofi hata hivyo. Kando yangu Edouard alipiga makofi mawili, kisha mikono ikamwangukia mapajani.

Mtoto akabaki amesimama palepale, hakuambiwa aketi. Anaclet akasafisha koo akasema sasa tunafika kwenye sehemu ngumu, wale ambao shule haiwezi kuendelea nao muhula ujao. Akataja mtoto wa kwanza, mvulana mmoja, mama yake akashika kichwa. Mwalimu Marcelline, kwenye ukuta, alikuwa anatafuna kucha. Akataja wa pili. Nilijua wa tatu ni nani. Mtu yuleyule aliyempa zawadi kwa kunyamaza alikuwa anakwenda kumfukuza kwa kunyamaza, ndani ya saa moja, na hakuliona! Hakuna hata mmoja katika chumba kile cha wasomi aliyeliona. Nikasimama.

"Citoyenne," akasema Anaclet bila kunipa nafasi, "tulishaelewana kwamba..."

Mlango ukafunguliwa.

Aliingia Domitille, amemshika mama yangu mkono. Walikuwa wamepanda kilima chote kwa miguu, na mama alisimama kizingitini kupumua. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Krismasi na kitambaa cheupe kichwani. Shingoni rozari, na chini ya rozari, mfupa. Hakuwa ameuficha. Alikuwa ameuvaa namna mtu anavyovaa kitu chake.

Sasa, watu wasiotoka kwetu lazima waelewe. Kwa Bashi, mwanamke mzee akiingia, husemi bonjour. Hata ungekuwa umesoma Ulaya, hata ungekuwa waziri, mwili wako unainuka wenyewe kabla ya akili. Anaclet alikuwa amelelewa Luhwindja na mama wa namna hiyo. Niliona jinsi ilivyomtoka: aliacha sentensi yake katikati, akashuka kwenye jukwaa, akainama, akanyoosha mikono miwili, na akasema kwa sauti laini ambayo hatukuwahi kuisikia kwake:

"Asinge, mama."

"Asinge, mwanangu," akajibu mama yangu kwa Mashi. Akamwuliza habari za nyumbani kwao, za watoto, za mvua. Direkta akajibu zote, kwa Mashi, ameinama bado, mikono yake ndani ya mikono ya mama, kama adabu inavyotaka.

Mama alipomaliza salamu aliachia mikono ile. Akauinua mfupa juu ya kitambaa chake cheupe, polepole ili usinase, akamvika direkta shingoni. Hakutabasamu. Hakuwa na kejeli yoyote. Aliuweka sawa juu ya vifungo vya abakosti, kama alivyozoea kuuweka juu ya rozari yake.

"Pole, mwanangu," akamwambia. "Ndiyo sheria yenu."

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, yuleyule wa Oktoba nadhani, kisha akajishika. Maana kila mtu alielewa: atakayefungua mdomo sasa kwa lugha aliyonyonya, mfupa unamngoja. Makarani, mafundi, wenye maduka, walimu ukutani, wote wamefunga midomo, wanamtazama mtu mzima mwenye mfupa shingoni, naye anatutazama sisi. Jasho lilimtoka kwenye paji. Alifumbua kinywa mara mbili. Sijui alikuwa anatafuta lugha gani.

Nilidhani nitafurahi. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo. Lakini nilimwona Virginie. Alikuwa bado amesimama mbele na sanduku lake la bati, karibu kabisa na direkta, anamtazama kwa uso wa huruma. Alimtazama kama alivyomtazama bibi yake jikoni. Kisha akamvuta kwenye mkono wa abakosti, na tukamsikia akisema, kwa Kiswahili, sauti imekwaruza kwa kutotumika:

"Direkta, nyamaza tu. Mutu mwenye ananyamaza, habamushikake."

Edouard alitoa sauti kama mtu aliyepigwa. Akainuka, akapita juu ya magoti ya watu akaenda mbele, akamwita mama yake kwa Mashi, akamwita binti yake kwa Mashi, kwa nguvu, mbele ya wote, mikono imewashika wote wawili. Hakuna aliyethubutu kumvika kitu.

Anaclet alifuata ushauri aliopewa. Hakusema neno tena siku ile. Majina yaliyobaki hayakutajwa, na tulipotoka mfupa ulikuwa bado shingoni mwake, nadhani alikuwa amesahau kuuvua. Virginie alirudi shuleni baada ya Pasaka, hakuna aliyemzuia. Ulipita msimu mzima wa mvua kabla hajamalizia hadithi nyingine kwenye mkeka wa bibi yake.

Watu wengine husimulia habari hii wakicheka, jinsi Maman Bibiane alivyomvika direkta mfupa. Mimi sicheki. Mimi namsikia yule mtoto: nyamaza tu. Lile ndilo somo alilolijua vizuri kuliko yote mwaka ule, hakukosea hata neno, na shule na nyumba zilikuwa zimemfundisha pamoja.